Picha Nyeupe ya Paka Hupigwa Kivulini

Paka wa nyumba haingwa. Ndivyo walivyonena wahenga, na yeyote aliyelelewa katika mitaa ya Lamu, Pate, Malindi au Mombasa ya Kale anajua kwamba neno hilo halikusemwa bure. Paka kwetu si mnyama wa kufungiwa bandani. Huingia na kutoka apendavyo, hujinyosha barazani wazee wakizungumza, hungojea vichwa vya samaki forodhani, na hata msikitini huonekana amejikunja pembeni mwa mkeka asikemewe na mtu. Mafunzo ya Kiislamu hayakumhesabu kuwa ni najisi. Imepokewa kwamba Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe mpaka akate kiu yake.

Basi si ajabu kwamba siku hizi, madhali karibu kila mkono umeshika simu yenye kamera, paka ni miongoni mwa viumbe wanaopigwa picha sana pwani. Lakini hebu zitazame picha hizo kwa makini, ndugu msomaji. Paka alikuwa mweupe pe, ukuta wa nyuma yake ulikuwa wa chokaa, na jua lilikuwa limewaka. Picha imetoka ya kijivujivu, kana kwamba ilipigwa siku ya mawingu ya masika. Au imetoka kinyume cha hivyo: weupe umemeza kila kitu, paka na ukuta vimekuwa kitu kimoja, na kilichosalia ni macho mawili na pua vinavyoelea hewani kama vya jini.

Kati ya kasoro hizo mbili ipo njia ya tatu. Nayo ni picha ambayo karibu yote ni nyeupe, nyepesi na yenye kufurahisha macho, na bado paka yumo ndani yake, unywele kwa unywele. Wapiga picha wa kizungu huiita hai-kii. Sisi tutaiita picha nyeupe, na tutaeleza namna inavyopatikana bila ya gharama kubwa na, lililo muhimu zaidi, bila ya kumtesa mnyama.

Taa kuu na taa ya kujaza

Jina la hai-kii linahusiana na kazi ya filamu. Mwenye kuangaza mchezo huanza na taa moja kubwa, ile inayomulika uso wa mchezaji, nayo ndiyo taa kuu. Taa hiyo ikiwa peke yake huangaza upande mmoja wa uso na kuuacha wa pili kizani. Kwa hivyo huongezwa taa nyingine ya kukijaza kile kivuli. Ikiwa taa ya kujaza ni dhaifu, vivuli huwa vizito, na filamu huwa ya usiku, ya wauaji na wapelelezi. Ikiwa taa ya kujaza inakaribiana kwa nguvu na taa kuu, vivuli hupungua na kulainika, kila kitu huonekana chepesi, na moyo wa mtazamaji hukunjuka. Hiyo ya pili ndiyo hai-kii, na Hollywood iliitumia sana katika michezo ya kuchekesha na ya nyimbo.

Mfano mzuri ni Karl Freund. Alipokuwa Ujerumani alikuwa mmoja wa waliopiga filamu ya Metropolis, iliyotoka mwaka 1927 na ambayo hata leo husifiwa kwa jinsi ilivyochezesha mwanga na kiza. Baadaye alihamia Marekani, na mwaka 1951 akapewa kazi ya kuangaza mchezo wa kuchekesha wa televisheni uitwao I Love Lucy. Mchezo huo ulipigwa na kamera tatu kwa wakati mmoja, mbele ya watazamaji, na haikuwezekana kusimamisha kazi kila mara ili taa zihamishwe. Freund akaieneza nuru sawasawa jukwaani kote, hata kamera yoyote kati ya zile tatu ikawa inaona uso ulioangazwa vyema. Mtu aliyesifika kwa kiza ndiye aliyekuwa fundi wa weupe, wala hapana ajabu. Anayejua kuutumia weupe ni yule anayejua vivuli viko wapi na ni kipi kati yake kinachostahili kubakishwa.

Kutoka katika filamu, mtindo huo ulienea sana katika studio za picha, ukatumika kwa watoto wachanga, mabibi arusi na matangazo ya sabuni, kisha kwa wanyama wa nyumbani. Katika kuwapiga picha paka jina la Mmarekani Walter Chandoha halina budi kutajwa. Mwaka 1949, wakati wa baridi kali mjini New York, alimwokota mtoto wa paka katika theluji, akamchukua nyumbani na kumpa jina la Loco. Kiokotwa hicho kikageuza maisha yake. Alipofariki mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 98, alikuwa ameacha picha zaidi ya 90,000 za paka. Si zote zilizokuwa nyeupe, kwani alipenda rangi pia. Lakini yapo mawili ya kujifunza kwake. La kwanza, aliinama mpaka kamera ikawa sawa na macho ya paka, badala ya kumpiga kutoka juu kama anayemtazama mdudu. La pili, hakufanya kazi peke yake. Mkewe, Maria, alimsaidia kumshika na kumtuliza mnyama, naye akashughulika na kamera.

Kwa nini paka mweupe hutoka kijivu

Kamera haimjui paka, wala haiujui ukuta. Inachojua ni wingi wa nuru inayoingia ndani yake. Kipima-nuru kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni cha rangi ya kijivu cha wastani, kile kinachorudisha kiasi cha asilimia 18 ya nuru inayokiangukia. Dhana hiyo hufaa kwa mambo mengi: watu sokoni, miti, mashua, barabara. Lakini mweke paka mweupe mbele ya ukuta wa chokaa, nacho kipima-nuru kitahamaki. Kitaona nuru nyingi mno, kitadhani kimekosea, na kitaipunguza mpaka weupe uwe kijivu. Simu za kisasa zimeongezewa akili ya kutambua sura, na bado mara nyingi huanguka katika mtego huo huo.

Dawa yake ni kuiamuru kamera iongeze nuru. Wapiga picha hupima nuru kwa stopu, na kila stopu moja ni kuizidisha nuru mara mbili. Kwa paka mweupe na ukuta mweupe, ongeza baina ya stopu moja na mbili. Mwenye kamera inayorekebishwa kwa mkono, ikiwa kipima-nuru kimemwambia afungue kwa sehemu ya 1/125 ya sekunde, ateremke mpaka 1/60, ambayo ni stopu moja, au 1/30, ambayo ni stopu mbili. Lakini paka hatulii, na kwa 1/30 mkia ukipepesuka kidogo tu picha huchafuka. Basi ni afadhali aufungue zaidi mlango wa lensi, au aongeze wepesi wa filamu au wa kamera wa kupokea nuru, na mwendo auache palepale.

Mwenye simu kazi yake ni rahisi zaidi. Katika simu nyingi, ukimgusa paka kwenye kioo kwa kidole hutokea alama ndogo ya jua. Ipandishe juu pole pole, nawe utauona ukuta ukitakata. Wengi wana simu hizi miaka mingi na hawajapata kuigusa alama hiyo.

Sasa, ipandishwe mpaka wapi? Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Mnamo mwaka 1939 na 1940, wapiga picha wawili wa Marekani, Ansel Adams na Fred Archer, walipanga ngazi ya nuru yenye vidato 11, kuanzia sifuri mpaka 10. Sifuri ni weusi mtupu, 5 ni kijivu cha wastani, na 10 ni weupe wa karatasi yenyewe, usio na kitu ndani yake. Ukizitazama picha nyeupe zilizo nzuri kwa ngazi hiyo, utakuta ukuta umekaa kwenye 9, manyoya ya paka kwenye 7 na 8, ambako weupe bado una alama ndani yake, na kidato cha 10 kimeachiwa mahali padogo sana, pengine ncha ya sikio iliyoguswa na nuru. Hivyo paka mweupe katika picha nyeupe si mweupe kama ukuta. Ni mweupe kidato kimoja au viwili chini yake, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomtoa ukutani.

Ukipita hapo, umempoteza. Zama za filamu za negativu mtu aliweza kusamehewa, maana filamu ile ilistahimili nuru ya ziada, na fundi wa chumba cha kiza aliweza kuirudisha sehemu iliyong'aa mno kwa kuichoma zaidi kwenye karatasi. Kamera za leo hazina huruma hiyo. Picha ya kawaida ya simu huiandika kila rangi kwa ngazi 256, kuanzia sifuri mpaka 255. Manyoya yakishagonga 255 kwa rangi zote, hapana habari yoyote iliyobaki pale, wala hapana programu ya kuirudisha. Itakachorudisha ni kijivu kitupu kilichopakwa. Kwa sababu hiyo ni bora picha ikatwe ikiwa nyeusi kidogo, kisha ipandishwe baadaye, kuliko kuipandisha mno tangu mwanzo.

Studio iliyojengwa kwa matumbawe

Wapiga picha wa Ulaya na Marekani hununua karatasi pana nyeupe za kutandaza ukutani, taa nne au tano, na miavuli ya kulainisha nuru. Mtu wa pwani ana vitu hivyo tayari, ila hajavihesabu kuwa ni vyombo vya kazi.

Chukua nyumba ya mawe ya Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kuta zake ni za matumbawe, zimepigwa lipu ya chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe. Dari yake imebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, chumba hakiwezi kuwa kipana kupita urefu huo. Vyumba vikawa virefu na vyembamba, vimepangana kimoja nyuma ya kingine, na nuru huviingia kutoka kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Nuru ikiingia chumbani haina mahali pa kupotelea. Hugonga ukuta huu, ikarudi kwenye ule, ikarudi tena. Ukuta mmoja umekuwa taa kuu, na ukuta unaouelekea umekuwa taa ya kujaza. Kazi aliyoifanya Freund kwa nyaya na taa, chokaa inaifanya bila ya malipo kila asubuhi.

Nje nako ni hivyo hivyo. Vichochoro vyetu ni vyembamba na kuta zake ni ndefu. Jua la pwani, karibu na ikweta, huwa utosini adhuhuri. Lakini saa tatu au saa nne asubuhi, na tena baada ya alasiri, huangaza sehemu ya juu ya ukuta mmoja tu, na chini kunabaki kivuli kilichojaa nuru iliyorudishwa. Kivuli hicho ndicho mahali pa picha nyeupe. Wengi hudhani kwamba weupe hutafutwa juani, nao hukosea. Jua kali hutoa weupe unaochoma upande mmoja na kivuli cheusi upande wa pili, na kamera haiwezi kuvipokea vyote viwili. Picha nyeupe hupigwa kivulini, karibu na mahali palipo na jua.

Namna ya kupanga ni hii. Mwache paka akae karibu na mlango unaotazama kiwanda, uso wake ukielekea kwenye nuru. Asiegemee ukuta wa nyuma. Mwachie nafasi ya kiasi cha mita moja au zaidi, ili ukuta upate nuru yake mbali na yeye, na kivuli chake kisiuangukie. Ukuta uzidi kung'aa kuliko paka kwa stopu moja hivi. Ukizidi mno, nuru yake itamzunguka na kuyeyusha kingo za mwili wake. Ikiwa upande mmoja wa paka bado una kiza, tandika shuka jeupe chini yake, au mwambie mtoto ashike shuka hilo upande wa kiza, nalo litajaza kivuli. Yachunge majani ya mti na kanga za rangi zilizoanikwa karibu, maana manyoya meupe huiba rangi ya kila kilicho jirani. Na kivuli kilicho chini ya mbingu tupu humtia paka rangi ya buluu, ambayo inafaa kurekebishwa kwenye kamera kabla ya kupiga.

Sharubu, macho na paka asiye mweupe

Katika picha nyingi za namna hii kitu cha kwanza kupotea ni sharubu. Sharubu za paka aghalabu ni nyeupe, na mbele ya ukuta mweupe hazionekani kabisa, hata paka akafanana na aliyenyolewa. Mgeuze kidogo, au hasa mgeukie wewe, mpaka sharubu zipite mbele ya kitu chenye uzito: shavu lake lenyewe, kivuli cha kidaka cha ukutani, au upande wa mlango wa mbao.

La pili ni macho. Katika picha iliyo nyeupe yote, macho ndiyo nanga. Yasipokuwa makali na yenye kina, picha nzima huelea. Kivulini mboni ya paka hupanuka na kuwa ya duara; juani hujifinya ikawa kama ufa, na uso wote hukunjamana. Mlango wa kiwanda ukijionyesha ndani ya jicho kama nukta ndogo nyeupe, jicho huwa hai. Nukta hiyo ikikosekana, paka aliye mzima huonekana kama aliyepakwa rangi.

Na ikiwa paka si mweupe? Wa kijivu, wa rangi ya mchanga na wa milia hukubali vizuri sana, maana rangi zao huwa nyepesi bila ya kupotea. Mweusi ni mtihani. Kipima-nuru kikimwona hukosea kwa upande wa pili, na mbele ya ukuta uliong'aa hugeuka kuwa shimo lenye umbo la paka. Mlete karibu zaidi na mlango, nuru imjie kutoka mbele na ubavuni mpaka unywele uonekane, na ukubali kwamba hiyo itakuwa picha ya mweusi ndani ya weupe, yenye uzuri wake mwenyewe.

Mnyama kwanza

Suala la kupiga picha ya chenye roho lina wenyewe, nao ni wanavyuoni. Makala hii haitoi fatwa. Lakini namna ya kumtendea paka haina mjadala. Imo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim habari ya mwanamke aliyestahili adhabu kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie. Mpiga picha anayemfunga paka kamba ili atulie, au anayemnyima chakula ili amfuate mwenye kisahani, aikumbuke habari hiyo kabla hajakigusa kitufe.

Tena paka mweupe, ambaye ndiye anayetamaniwa zaidi kwa picha hizi, ana udhaifu wake. Paka walio weupe wote na wenye macho ya buluu mara nyingi ni viziwi. Charles Darwin aliyaandika hayo tangu mwaka 1859, na elimu ya urithi imethibitisha baadaye kwamba weupe huo na uziwi huo vina asili moja. Kwa hivyo ukiona unapiga makofi na midomo na paka hageuki, usimdhanie kiburi wala usimshtue kwa kumshika ghafula kutoka nyuma. Mwonyeshe kitu kinachocheza: uzi, unyoya, au mwisho wa ukili.

Zaidi ya hayo, ncha za masikio na pua za paka mweupe hazina rangi ya kuzikinga na jua. Madaktari wa wanyama wanajua kwamba paka wa namna hiyo hupata saratani ya ngozi ya masikio na pua kwa kuchomwa na jua mwaka baada ya mwaka, na katika nchi za ikweta jua halina likizo. Kumweka juani nusu saa ili manyoya yang'ae ni kumtia katika hatari kwa ajili ya picha ambayo, kama tulivyoeleza, haitakuwa nzuri. Kivuli kinachoifaa picha ndicho kivuli kinachomfaa paka.

Flashi nayo iachwe. Nyuma ya jicho la paka pana utando unaorudisha nuru, ndio unaomsaidia kuona usiku. Flashi ikiugonga, macho huwaka kijani au manjano kama taa za gari, na ile nanga ya picha hupotea. Mnyama naye hushtuka, na akishashtuka mara moja humaliza siku nzima akiikimbia kamera. Watoto wa paka hufumbua macho kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Hao waachwe kabisa mpaka wapate nguvu, maana kuwatoa kwa mama yao ili kuwapanga juu ya shuka si mchezo. Na yeyote asifikirie kumpaka mnyama poda au chokaa ili aongezeke weupe. Paka hujilamba mwili mzima, na kinachopakwa mgongoni huishia tumboni.

Weupe wa duka na weupe wa ukuta

Liko jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko hesabu za stopu. Picha nyeupe za studio za ng'ambo zilikuzwa pamoja na biashara. Chakula cha paka kinauzwa, kalenda inauzwa, na muuzaji anataka paka safi, aliyekatwa kutoka duniani na kuwekwa juu ya weupe usiokuwa na mahali. Sasa zipo programu za simu zinazofanya hivyo kwa kugusa mara moja: ukuta unafutwa, kovu linalainishwa, sikio lililopasuka linashonwa, na paka wa Mkomani anatoka kama paka wa kwenye mkebe.

Mmarekani Jack Couffer alikuwa na sababu zote za kuupenda weupe. Aliwahi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa upigaji wake wa filamu ya Jonathan Livingston Seagull ya mwaka 1973, filamu ya shakwe mbele ya anga na mawimbi. Kisha akavutiwa na paka wetu, na mwaka 1998 kikatoka kitabu chake The Cats of Lamu, kinachowaonyesha katika makao yao, mjini mwao. Husimuliwa sana kwamba paka hao, wenye miguu mirefu, shingo nyembamba na masikio makubwa, wanafanana na wale waliochongwa katika Misri ya kale. Kama ni jamaa wa damu au ni mfanano tu, hilo ni la wataalamu. Ila umbo lile ni la kweli, na katika picha nyeupe, ambayo vivuli vyake ni vichache, umbo ndilo linalosema. Mstari wa mgongo na wa shingo, mbele ya ukuta wa chokaa, unatosha.

Lakini ukuta huo ubaki kuwa ukuta. Chokaa ya kweli ina ufa, ina alama ya mvua, ina mahali ilipopakwa upya mwaka jana. Vitu hivyo vikikaa kwenye kidato cha 9 havionekani kwa mara ya kwanza. Mtazamaji huviona akirudia. Ndivyo anavyojua kwamba paka huyu ni wa nyumba fulani, mtaa fulani. Na sikio lililopasuka ni lake pia. Alilipata usiku fulani juu ya paa, na wenye nyumba waliyasikia makelele. Paka wa nyumbani akitunzwa huishi kiasi cha miaka 12 hadi 15. Watoto waliokua naye watakuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, na kitakachobaki ni picha. Wakiitazama watataka kumwona yule yule aliyekuwa akiwakalia juu ya vitabu vyao vya chuoni, kovu lake na yote.

Alhasili, kazi yenyewe ni ndogo. Mlango ulio wazi, ukuta wa chokaa, shuka moja jeupe, kivuli cha saa tatu asubuhi, na subira. Paka akikataa, mwache aende zake. Atarudi mwenyewe, na nuru ya kesho itapita mlango ule ule.